Mji Ambao Mwalimu Hakunipa

Lusungu alinipigia simu asubuhi kabla sijafungua duka, na kwa jinsi alivyoanza na salamu ndefu nikajua. "Shikamoo shangazi. Umeamkaje? Na wa huko wote hawajambo?" Mtu mwenye habari njema haulizii watu wote. Kisha akasema baba yake, Mwalimu Simbeye, ametangulia. Nilikaa juu ya kreti la soda nikampa pole, naye akanijibu, "Pole na wewe, shangazi," maana alijua msiba huu ni wa kugawana. Kisha akaongeza jambo lililonifanya nicheke huku machozi yananitoka: "Mpaka juzi alikuwa anauliza. Alisema, yule jeuri wa Tunduma hajasema tu?" Sijasema. Sikusema tangu mwaka ule nilipokuwa msichana, na sasa watu wanaodhani kwamba kifo hulainisha kila kitu wananitazama wakingoja niseme kuwa najuta. Sijuti. Nitaeleza mwaka wenyewe ulivyokuwa, halafu kila mtu ahukumu apendavyo. Hukumu nimezizoea.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na kupata kazi katika ofisi ya wakala wa forodha, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama barabara ya mpakani. Siku hizo Songwe haikuwa mkoa bado, tulihesabiwa Mbeya, na malori yaliyongoja kuvuka kwenda Zambia yalipanga foleni mpaka ukasahau kwamba chini yake kuna barabara. Madereva walifua nguo na kuzianika kwenye vioo vya pembeni, wakapika uvunguni mwa trela, wakaoleana dada zao kwa maneno tu na kuachana siku foleni iliposogea. Upepo wa Tunduma ulibeba vumbi na kulitia kwenye chai, kwenye mashine ya chapa, kwenye masikio. Kila mgeni aliyeingia ofisini alikung'uta kofia na kuuliza, "Hivi nyinyi mnaishije hapa?" Mwanzoni nilikuwa nacheka nao. Baadaye nikaacha kucheka, nikawa nawajibu, "Kama unavyotuona." Nilikuwa nimezaliwa hapo, na nilianza kuchoka kusikia mji wangu ukitajwa kama ugonjwa ambao mtu hupita nao tu.

Kilichonipa raha kilikuwa fumbo la maneno katika gazeti moja la wiki. Lilikuwa gumu, halikuwa la kuulizana mji mkuu wa nchi fulani. Mtunzi wake hakuwahi kutaja jina, na vidokezo vyake vilisema jambo moja huku vikificha jingine. Ulipaswa kukivua kidokezo nguo moja moja, halafu neno lako likubaliane na maneno mengine yanayolikata katika vile visanduku vyeupe. Gazeti lilitolewa Jumapili na kufika kwetu Jumatatu jioni na basi, likiwa limekunjwa na kunuka dizeli, na muuza magazeti wa stendi hakuleta nakala nyingi. Jumatatu moja nilichukua ya mwisho. Kabla sijalipa, mkono wa koti la kijivu ukaishika ncha ya pili ya gazeti. Alikuwa mwanamume mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri, mwalimu wa sekondari pale mjini, niliyemjua kwa sura.

"Binti, hilo langu. Huwa nawekewa," alisema.

"Shikamoo Mwalimu. Limeandikwa jina?"

"Marahaba. Halijaandikwa jina, lakini huyu kijana anajua."

"Basi na mimi sasa ananijua," nikasema, nikalivuta. Muuza magazeti akageuka kutazama basi kana kwamba hajawahi kuona basi maishani. Mwalimu hakukasirika kama nilivyotaka. Alinikagua, akauliza nalitakia nini, nami nikamwambia nalitakia fumbo. Akaniomba nimsomee kidokezo chochote. Nilisoma cha kwanza kilichonijia machoni: "Kaka la mume limeficha cha kuandikia, herufi sita." Akafunga macho kujifanya anafikiri. Mimi nikasema, "Kalamu. Imelala ndani ya hayo maneno matatu yenyewe. Anza kusoma katikati ya kaka, uishie katikati ya mume." Akafungua macho. "Jumamosi mchana," akasema, "kwa Mama Sifa, nyuma ya mizani ya zamani. Tunalinganisha. Uje nalo hilo gazeti langu." Nikaenda, na nililibeba kwapani kwa makusudi ili aone ni la nani.

Mgahawa wa Mama Sifa ulikuwa chumba kirefu cha matofali ya kuchoma, na mvua za huko zinavyotiririka, fundi alikuwa amejenga kizingiti cha saruji kirefu kuliko kawaida ili maji yasiingie ndani. Kila mgeni alijikwaa. Kulikuwa na meza nne, na ya dirishani, karibu na joto la jiko, ilikuwa ya mafumbo. Mwalimu alikaa penye ukuta. Mkabala naye alikaa Ba Chanda, "Ba" ikiwa heshima ya kwao, dereva wa Kizambia aliyekuwa akishusha shaba Dar es Salaam na kupita kwetu kwenda na kurudi, mtu mnene mpole aliyejifunza mafumbo katika magazeti ya kwao na kuyapenda ya Kiswahili kwa sababu, alisema, yalimfundisha lugha kuliko matusi ya madereva wenzake. Kiti kilichobaki kilikuwa cha mlangoni, kando ya kile kizingiti, mahali pa upepo na viatu vya watu. Nikakalishwa hapo. Mama Sifa aliniletea ugali, maharage ya nazi na kipande cha samaki, akaninong'oneza, "Kula kwanza mwanangu. Hawa wakianza maneno yao hata chakula kinapoa kwa aibu."

Walikuwa na taratibu zao. Kila mtu alikuja na gazeti lake, lililojazwa au nusu, akalikunja ili mwenzake asichungulie. Tulipitia kidokezo kimoja kimoja, aliyepata akieleza alipitia njia gani, maana jibu bila njia halikuhesabiwa. Ba Chanda alitufundisha kwamba kidokezo kigumu ni mnyama mwenye kichwa na mkia, na maana halisi hukaa upande mmoja tu, kwa hiyo ukishika kichwa usihangaike na mkia. Mimi niliandika kwa penseli. Mwalimu aliandika kwa kalamu ya wino na kuiweka mezani baada ya kila neno kama mtu aliyepiga muhuri. "Anayeandika kwa penseli," alisema, "ameshaamua kukosea." Na gazeti jipya lilipofika, ile kona yenye majibu ya wiki iliyopita haikusomwa na mtu. Mama Sifa aliikata kwa mkasi wake wa jikoni bila kuitazama, akawashia mkaa. Jibu la gazeti waliliita jibu la wizi. Sikuwahi kuona watu wazima wakijinyima kitu kwa furaha kama ile, na nikawapenda hapohapo, hata Mwalimu, ambaye nilikuwa nimeshaanza kugombana naye.

Kwa hiyo ukishindwa ulikuwa na njia moja tu, ile tuliyoikuta kwenye vitendawili vya utotoni: unatoa mji. Aliyepata anasema, "Nipe mji," nawe unamtajia. Anaupokea, anasema amekwenda huko, amekula nini, amelala wapi, watu wa huko wamemwambia nini, na mwishoni anakutolea jibu. Tofauti ni kwamba pale mezani mji ulioutoa ulikuwa umekwenda kweli. Mwenye nao aliutawala, akautungia sheria, akauongelea kama shamba lake. Mwalimu alitawala karibu kila mahali. Mkwajuni na dhahabu yake ilikuwa yake, akasema wachimbaji wote wanamsalimia kwa heshima. Chitete alikuwa amempokonya Ba Chanda, akajigamba kwamba atautengenezea barabara. Ba Chanda alibaki na Msangano tu na aliulilia kila Jumamosi kwa kusifia mpunga wake. Tulicheka mpaka madereva wa meza nyingine wakageuza viti vyao kusikiliza. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa Mbozi, mwenye migomba na kahawa huko kwao, na kila Jumamosi baada ya kulinganisha alichukua begi lake akapanda gari kurudi nyumbani, na kurejea Jumatatu alfajiri kufundisha. Alilala Tunduma, alikula Tunduma, mshahara wake ulitoka kwa watoto wa Tunduma. Lakini alipotuma fumbo gazetini aliandika, "Mwl. Simbeye, Mbozi."

Jumamosi yangu ya tatu nilishindwa kidokezo kimoja. Hakikuwa kigumu sana. Ba Chanda angekipata mara moja: "Husafiri bila miguu, hulala njiani, mwenyewe hayuko." Ni shehena, na dereva wa lori asipokijua hicho atajua nini. Lakini Ba Chanda siku hiyo alikuwa amevuka, na mezani mwenye jibu alikuwa Mwalimu peke yake.

"Nipe mji," akasema, akijifuta masharubu.

"Nakupa Tunduma."

Aliniangalia akingoja nicheke. Alipoona sicheki, akacheka yeye. "Binti, nipe mji. Tunduma si mji. Ni foleni yenye nyumba pembeni." Meza ya jirani ilipasuka kwa kicheko, na wengi wao walikuwa watu wa Tunduma, jambo lililonichoma zaidi. Alisema nimpe hata kijiji, nimpe kituo cha basi chochote njiani, lakini si hapa. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi mji ninao mmoja. Usipoutaka huo, sina mwingine wa kukupa. Jibu lako kaa nalo." Mama Sifa aliacha kukoroga. Mwalimu akasema ule usemi wake, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Nami nikasema, "Sijakataa kushindwa. Wewe ndiye umekataa malipo." Nikaondoka na kisanduku changu kitupu, na barabarani nikalia kwa hasira kati ya malori mawili, nikajifuta kwa gazeti, nikapaka wino usoni mpaka kazini wakaniuliza nimepigwa na nani.

Hivyo ndivyo mwaka ulivyopita. Nilichokitaka kilikuwa kitu kimoja na kila mtu mezani alikijua: Mwalimu akubali kwa mdomo wake kuwa Tunduma ni mji, na aliyetoka humo ana kiti. Kila niliposhindwa nilitoa Tunduma, kila mara akaikataa, na kila mara nikarudi nyumbani bila jibu. Ba Chanda aliporudi alinibembeleza. "Mayo," aliniita hivyo, kama wao wanavyomwita mama kwa heshima, "mpe Nakonde hata. Ni ng'ambo, haitakuuma wewe." Nikamkatalia kwa lugha yake, "Awe, hapana, Ba Chanda. Nakonde ni yenu." Bosi wangu aliposikia alisema mtoto wa kike mwenye jeuri namna hii atazeeka na magazeti yake. Nimezeeka nayo kweli, na bado yananifurahisha kuliko yeye alivyowahi. Sikuwa na wa kuniokoa nikikwama, kwa hiyo nilikaa na kidokezo kimoja siku nzima nikipiga chapa nyaraka, nikakigeuza, nikakitemea mate, nikaamka nacho. Mpaka katikati ya mwaka nilikuwa sishindwi tena mara nyingi. Ilipofika majira ya baridi, yale ya kuvaa makoti mawili na bado meno yakagongana, Mwalimu ndiye aliyekuwa akinipa miji. Alinipa Mkwajuni. Alinipa Chitete na barabara yake ambayo hakuijenga. Sikuikataa, maana nilikuwa namlipa jibu kwa haki, lakini niliipokea kama mtu anayepokea chenji.

Mwisho wa mwaka gazeti lilitoa Fumbo Kuu, ukurasa mzima, na wote waliolipata bila kosa walichapwa majina na mahali wanapotoka. Mwalimu hakuwahi kukosa kuchapwa. Alikuwa na mwaka mzima wa kujivunia kila alipochapwa, na wanafunzi wake walijua. Mvua zilikuwa zimeanza, barabara imekuwa tope, na nilikwenda kwa Mama Sifa hata siku za kazi kula haraka na kufikiri. Nilikuwa nimebakiwa na kidokezo kimoja cha neno refu, kinachoshuka katikati ya ukurasa: "Kila aingiaye hunikanyaga, wala haombi radhi. Herufi tisa." Herufi ya tano nilikuwa nayo, ni N, kwa sababu neno lililokikata hapo lilikuwa na kidokezo rahisi kwangu: "Huwaamsha watu kabla ya jua, herufi sita." Chumba changu kilikuwa nyuma ya msikiti wa stendi. Mimi ni mtu wa kengele ya kanisa, lakini hakuna aliyelala Tunduma asiyeamshwa na adhana. Niliiandika bila kufikiri. Kwa hiyo nilikaa kwenye kiti changu cha mlangoni na ile N yangu, nikila viazi. Akaingia dereva wa Kikongo mwenye mabuti makubwa yaliyojaa tope, akajikwaa kwenye kizingiti, akayumba, akanigusa bega. "Samahani dada," akasema. Mimi nikatazama buti lake, tope lililobaki pale kwenye saruji, nikafikiri: ameniomba radhi mimi, wakati aliyekanyagwa si mimi. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. K, I, Z, I, N. Nilicheka peke yangu mpaka Mama Sifa akanigusa paji la uso aone kama nina homa.

Jumamosi Mwalimu alifika akiwa amevaa tai. Ba Chanda, aliyepitia hapo akirudi kwao, alikuwepo pia, naye alikuwa amebakiza vidokezo vingi bila aibu. Bahasha zilipaswa kuondoka na basi la Jumatatu, kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa meza ya mwisho. "Nimebakiza kimoja," Mwalimu alisema, akiifungua karatasi yake kama mtu anayefunua jeraha. "Sijabakiza," nikasema. Nikaiona karatasi yake kutoka nilipokaa, wino wake mzuri mweusi, na nikaliona kosa. Penye adhana alikuwa ameandika KAHAWA. Mtu wa Mbozi, mwenye miche yake kila upande wa nyumba, angeamshwa na nini kingine? Herufi sita zilienea, H ilikaa mahali pake, A zilikaa mahali pake. Lakini katikati ya lile neno refu alikuwa na W pasipokuwa na W, nayo ilikuwa kwa kalamu.

"Mwalimu," nikamuuliza taratibu, "nyumbani kwenu asubuhi mnakunywa nini?"

"Chai. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Ba Chanda alikohoa ndani ya kikombe. Mwalimu hakuelewa, akaendelea kuhangaika na W yake. "Nilijaribu 'wanawake'," akasema, "herufi ya tano ni W sawasawa, lakini linapungua herufi moja." Mama Sifa, aliyekuwa akifuta meza ya jirani, aligeuka na kitambaa mkononi. "Kila aingiaye huwakanyaga wala haombi radhi? Mwalimu, hilo ndilo jibu lenyewe. Kama halienei, wakosefu ni hao waliochora visanduku." Hata yeye Mwalimu alicheka, na kwa kicheko hicho nilidhani mambo yataisha vizuri. Akaweka kalamu mezani. "Haya, Nanyangwe," akasema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa jina. "Nakupa Msangano." Alikuwa amempokonya Ba Chanda wiki ile.

"Sitaki Msangano."

"Nakupa Mbeya."

"Baridi nyingi."

"Dodoma. Dar es Salaam, binti! Nakupa Dar nzima na bandari yake."

"Kila mtu anatoa Dar. Mwalimu, wewe unajua ninachotaka."

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nasimama kidogo. Akasema, polepole, "Nakupa Mbozi." Ba Chanda alivua kofia. Ule ulikuwa mji ambao hakuwahi kuutoa, wa baba zake, wa kahawa yake, ule aliouandika pembeni ya jina lake. Najua wengi wangechukua. Nami nilitamani, kwa sababu niliona ilivyomgharimu. Lakini nikafikiri, ananipa chake chote ili asinipe changu. "Mbozi ni kwenu, Mwalimu, kaeni nayo kwa amani," nikasema. "Mimi nataka Tunduma." Akatikisa kichwa. "Siwezi kumpa mtu foleni nikamdanganya kuwa nimempa mji." Nikamrudishia usemi wake neno kwa neno, kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ba Chanda alimwomba, "Ba Mwalimu, mpe tu, mukwai, tafadhali, ni neno moja." Mwalimu alikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa koti, akachukua begi lake. Akipita mlangoni alikikanyaga kizingiti kwa kiatu chake kilichong'arishwa, akatoka bila kuaga mtu. Mama Sifa akaondoa kikombe chake cha chai, kilikuwa bado kimejaa.

Ba Chanda alinipa Nakonde jioni hiyo nje, penye lori lake, akapata jibu kwa haki, akacheka mpaka akashikilia tairi. Jibu ulilopewa kwa mji halikugawiwa, kwa hiyo naye alikaa nalo. Mwaka mpya ulipoingia, orodha ikatoka: mimi nilikuwamo, jina langu na neno Tunduma limechapwa pembeni kwa wino uleule waliochapia Arusha na Mwanza. Jina la Mwalimu halikuwamo. Mama Sifa alibandika ukurasa ukutani kwa ugali, na ulikaa mpaka ukageuka rangi ya chai. Kona ya majibu aliikata kama kawaida, akaichoma. Mwalimu alikuja Jumamosi, akasoma orodha akiwa amesimama, mikono nyuma. "Jina limechapwa vizuri," akasema, akakaa mahali pake, tukaendelea na fumbo la wiki. Hakutafuta jibu kwa mtu wala gazetini. Mwaka huo alihamishiwa shule ya karibu na kwao, lakini tuliendelea kulinganisha, kwanza kwa kutumiana makaratasi na makondakta, baadaye kwa simu, na miaka hii ya karibuni kwenye kundi letu la WhatsApp, ambalo Ba Chanda alilipa jina la Meza ya Mama Sifa baada ya mama huyo kufariki. Kila mwisho wa mwaka Mwalimu aliandika humo, "Nanyangwe, nakupa Nairobi." Nami niliandika, "Hapana, asante." Watu wapya waliojiunga walidhani ni salamu.

Nilikwenda kumwona alipolala kitandani. Chumba kilikuwa na joto, dawa zimepangwa dirishani, na kila aliyeingia alisema naye kwa ile sauti nyororo tunayowawekea wagonjwa. "Babu, umekunywa maji? Babu, geuka kidogo." Aliponiona aliniashiria nisogee. "Herufi ya tano W," akasema kwa shida, "bado sijaipata. Niambie basi, Nanyangwe." Mkewe alinitazama kwa macho ya kuniomba. Nami nikamjibu kama nilivyomjibu siku zote: "Nipe mji, Mwalimu." Nikaona uso wake ukiamka. Masharubu yakacheza. "Nakupa London," akasema. "Sitaki." "Basi nitakwenda na kisanduku kitupu," akasema, akacheka, na alicheka kweli, kifua kikimkwaruza, mpaka mkewe akaja na maji. Walioniona siku ile katili hawakumjua. Kwa wengine wote alikuwa mgonjwa. Kwangu alikuwa mpinzani wangu bado, na ningemtupia lile jibu bure kama mtu anavyomtupia ombaomba shilingi, lingemuua kabla ya ugonjwa wenyewe.

Tulimzika Mbozi kati ya mibuni yake ya kahawa. Ba Chanda alivuka mpaka kwa gari la mwanawe, sasa anatembea kwa fimbo, tukakaa pamoja kwenye benchi. Baada ya mazishi tuligawiwa ugali na nyama, na chai katika vikombe vya kuazima kwa majirani. Lusungu alikuja akakaa chini kwenye mkeka mbele yangu, kanga ya msiba begani, macho mekundu.

"Shangazi, nimekuja kulinganisha," akasema. "Kile kidokezo cha baba."

"Mwanangu, baba yako hakutoa mji."

"Najua. Nami siwezi kutoa kwa niaba yake, angefufuka anichape." Ba Chanda aliinamia fimbo yake akitetemeka kwa kicheko. Lusungu akanishika goti. "Lakini mimi ninao wangu. Mama alimfuata baba na gunia la mahindi, uchungu ukamshika stendi, nikazaliwa kwenye ile zahanati ya nyuma ya msikiti. Maisha yake yote baba alisema nilizaliwa Mbozi, ila mama aliniambia ukweli. Shangazi, nakupa Tunduma. Ni mji wangu, nilizaliwa humo."

Ba Chanda akanigusa bega kwa kiwiko. Kwa hiyo nilikaa sawasawa kwenye benchi, mbele ya waombolezaji waliogeuka kututazama, nikasema kama inavyosemwa. Nilikwenda Tunduma. Nilipofika Tunduma niliamshwa na adhana kabla ya jua, wala sikuamshwa na kahawa. Nilikula maharage ya nazi kwa Mama Sifa. Nililala usingizi mzito huku malori yakinguruma, maana mwenye mji haamshwi na malori. Wenyeji wakanikaribisha, na wageni wa kila nchi wakapita juu yao, wakawakung'utia vumbi, bila kuwasalimu. Nikawauliza wenyeji, ni nani ambaye kila aingiaye humkanyaga, wala haombi radhi? Wakaniambia, ni kizingiti.

Lusungu alihesabu kwa vidole mpaka tisa. Akarudi nyuma, akahesabu lile jingine la herufi sita, akaitafuta W ya baba yake asiione, na nikamwona anavyoelewa. Akatazama kikombe mkononi mwake. "Na hapa kwetu siku zote tumekunywa chai," akasema, akaanza kucheka na kulia pamoja, mpaka mama yake akaja kuuliza kuna nini, naye akamvuta akae amsimulie.

Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa Zambia nilipoinuka kuaga. Shemeji yake Mwalimu alinisindikiza hadi barabarani, akaniuliza kama nalala kwa ndugu au narudi kule foleni.

"Narudi mjini," nikamwambia.